Jiwe Halitoi Kivuli

Kuna imani kuhusu stesheni za treni ambayo katika miji yetu imekosa mpinzani. Inasema kwamba jengo likichukua sura ya kitu cha maumbile, basi limefuata maumbile, na likishafuata maumbile kwa namna hiyo ni jengo la kisasa linalotunza mazingira. Stesheni kuu ya reli mpya ya SGR ya Dar es Salaam imechongwa mfano wa Tanzanite. Ya Morogoro imepewa mabega ya milima ya Uluguru, na ya Dodoma vilima vya mawe vya mji ule. Wakenya walitutangulia mwaka 2017: stesheni ya Mombasa pale Miritini imejengwa duara ndani ya duara kwa mfano wa viwimbi vya maji, na ile ndogo ya Miasenyi imevikwa milia ya pundamilia. Kote huko umbo ndilo lililosifiwa, na sifa ikaishia hapo.

Naipinga imani hiyo kuanzia mzizi wake. Stesheni inayofuata maumbile hujulikana mlangoni, pale abiria anaposhuka kwenye daladala au bajaji akiwa na begi mkononi na mtoto mgongoni. Hujulikana kwa kivuli, kwa upepo, kwa njia ya maji ya mvua na kwa mahali pa kukaa. Umbo linaloonekana vizuri kwenye picha ya droni halimsaidii mtu aliyesimama chini saa nane mchana.

Nianze na Tanzanite, kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi. Ni jiwe la Mererani, wilayani Simanjiro, lililogunduliwa mwaka 1967, na tuna haki ya kujivunia. Lakini kati ya vyote vilivyomo katika maumbile ya nchi hii, tumechagua kitu kisichopumua, kisichonywa maji, kisichokua, na ambacho hakijawahi kumkinga kiumbe yeyote na jua. Sehemu kubwa ya Tanzanite hutoka ardhini ikiwa na rangi ya kahawia, na huchomwa kwa moto mkali ndipo ipate ile buluu inayouzwa. Thamani ya kito chochote iko katika nyuso zake, zilizokatwa ili zicheze na mwanga. Mji ulio karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta una shida iliyo kinyume na hiyo: mwanga umezidi, na kinachotakiwa ni kitu cha kuuzuia kabla haujafika kwenye ngozi ya mtu. Tena Mererani iko mamia ya kilomita kutoka bandari ya Dar es Salaam. Maumbile ya mahali stesheni iliposimama ni mikoko, minazi, mikungu, matumbawe, na pepo mbili za kaskazi na kusi ambazo ndizo zilizoleta watu kwenye bandari hiyo kwanza. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoulizwa kina nini cha kufundisha.

Nitajibiwa kwamba alama ya taifa ina kazi yake. Naikubali hoja hiyo, na siisemi kwa kutimiza adabu. Watu wanapiga picha mbele ya stesheni ile, wanawatumia ndugu zao, wanajisikia kwamba nchi yao imefanya jambo kubwa, na kweli imefanya: treni ya umeme iliyozinduliwa rasmi Agosti 1, 2024 imeifanya safari ya Dodoma kuwa ya saa chache. Fahari hiyo ni ya kweli. Ninachokataa ni fahari kuingizwa kwenye hesabu ya mazingira. Sura ni sura. Ikitajwa kama ubunifu unaofuata maumbile, inaziba nafasi ya ubunifu wenyewe, na mwanafunzi wa usanifu majengo anayeangalia anajifunza kwamba kazi yake ni kutafuta mnyama, jani au jiwe la kuiga.

Basi maumbile ya Dar es Salaam yanadai nini? Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi Machi na mwezi Oktoba, na miezi mingine halisogei mbali. Kwa hiyo joto kubwa zaidi hupokelewa na paa na sakafu ya uwanja wa mbele. Baada ya hapo ni kuta za mashariki na magharibi, zinazopigwa na jua la pembeni asubuhi na alasiri. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini unaweza kulindwa kwa upenu mpana tu. Ukuta wa kioo unaotazama magharibi haulindwi na upenu wowote, kwa sababu jua la saa kumi linaingia chini yake. Na kioo kina tabia yake: kinapitisha mwanga wa jua, mwanga unapasha moto sakafu na viti, kisha joto linalotoka kwenye sakafu na viti hivyo halipati njia ya kurudi nje kirahisi. Wakulima wa nchi za baridi hutumia tabia hiyo kukuza nyanya wakati wa theluji.

Halafu kuna unyevu. Mwili wa mtu hupoa jasho linapokauka, na kwenye hewa iliyojaa unyevu jasho halikauki mpaka hewa isogee. Ndiyo maana mtu wa pwani akikaa barazani hutafuta upande wenye upepo, hata kama upande wa pili una kivuli kizuri zaidi. Katika mji kama huu, lango la stesheni lililozibwa upepo halipozwi na kitu kingine chochote. Ukumbi wa ndani unaweza kufungiwa viyoyozi, kwa gharama. Njia ya kutoka kituo cha mabasi ya mwendokasi hadi kwenye ukaguzi wa mizigo haifungiwi kiyoyozi. Hapo ndipo mbunifu anapobaki peke yake na jua na upepo, na hapo ndipo tunapoweza kuona kama aliyafahamu.

Nami nina jengo la kulinganisha nalo, na liko mwendo mfupi wa miguu kutoka kwenye stesheni hiyohiyo. Soko la Kariakoo lilibuniwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, na likajengwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, kila mmoja umesimama juu ya nguzo yake. Kivuli kinaanguka chini ya miavuli. Hewa ya moto inapanda na kutoka kwenye nafasi zilizoachwa juu. Mvua inayonyesha juu ya mwavuli inakusanyika katikati na kushuka kuelekea kwenye matangi yaliyoko chini. Tazama mti wowote mkubwa uliosimama sokoni kijijini: unafanya kazi hizohizo, za kuzuia jua, za kuacha hewa ipite, za kuyaongoza maji kwenye shina. Amuli hakubandika majani ya bati wala kupaka rangi ya kijani. Alichukua kazi ya mti akaijenga kwa zege, katika nchi iliyokuwa maskini kuliko ilivyo leo, kwa ajili ya wauza nyanya na samaki. Moto wa Julai 2021 uliliumiza soko lile vibaya, na ukarabati uliofuata ni habari nyingine. Wazo la paa lile halikuungua. Nashangaa kwamba tulipohitaji lango la reli mpya tulikwenda kutafuta wazo Mererani na kulipita la Kariakoo.

Pwani ilikuwa na mafunzo mengine kabla ya Amuli. Baraza za mawe mbele ya nyumba za Mji Mkongwe, Lamu na Mombasa zilimkalisha mgeni nje bila kumwacha juani, na mvua kubwa ikigeuza kichochoro kuwa mtaro, mpita njia alitembea juu ya baraza hizo. Beit al-Ajaib ya Unguja, ya mwaka 1883, ilizungushiwa roshani pana kila upande ili ukuta wenyewe usiguswe na jua. Sitaki kuyapamba mambo hayo kupita kiasi. Chokaa ya nyumba hizo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa kwa kuni nyingi, na boriti zilikatwa kwenye mikoko; tukirudia leo kwa idadi ya watu tuliyonayo tutamaliza miamba na misitu ya bahari. Makuti nayo yanashika moto, na hakuna mhandisi mwenye akili atakayeyaweka juu ya umati wa abiria. Cha kurithi ni mpangilio: kina cha baraza, upana wa upenu, uwazi wa juu.

Wanaotetea sura hupenda kutuonyesha Ulaya na Marekani, kwa hiyo twende huko. Hector Guimard alibuni malango ya metro ya Paris mwaka 1900 kwa chuma cha kuyeyusha kilichopindwa kama mashina na vichipukizi, kikapakwa rangi ya kijani. Ni kazi nzuri mno, naipenda. Lakini mengi ya malango hayo ni uzio wa ngazi tu, hayana paa, na mvua ya Paris humwagikia ngazini kama kawaida. Guimard hakudai kwamba anatunza mazingira. Alidai uzuri, akautoa. Santiago Calatrava alijenga New York jengo la stesheni la World Trade Center kwa mfano wa ndege anayeruka. Lilifunguliwa 2016 baada ya kugharimu karibu dola bilioni nne, na mwanya wa kioo ulio kwenye uti wa mgongo wake, uliokusudiwa kufunguliwa kila Septemba 11, ukaja kuvuja maji. Huyo ndege ni mbavu za chuma cheupe. Chuma na saruji havijui kwamba vimepangwa kwa sura ya ndege; moshi wa kuvitengeneza ni uleule, na saruji peke yake huchangia karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na shughuli za binadamu duniani.

Mfano wa Madrid ndio unaoniuma zaidi. Stesheni ya Atocha ilipopanuliwa, ukumbi wake wa zamani wa chuma na kioo uligeuzwa mwaka 1992 kuwa bustani ya mimea ya nchi za joto. Wahispania wanaifunika kwa kioo na kuinyunyizia mvuke ili isife, kwa sababu hewa yao haiitaki. Sisi hewa yetu inaitaka. Mimea ya namna hiyo huota yenyewe kwenye nyufa za kuta zetu. Na bado mbele ya majengo yetu makubwa tunapanga vitofali vya pevingi kutoka ukuta hadi barabara, tunaweka maua kwenye vyungu vya zege, tunaita hiyo ni bustani.

Wapo wenye hoja nzito zaidi kuliko hiyo ya sura, nao nawaheshimu. Hao husema: basi tuige kazi ya maumbile kama walivyofanya Harare. Wanakusudia jengo la Eastgate la mbunifu Mick Pearce, lililofunguliwa 1996, linalosifiwa duniani kote kwa kuiga kichuguu cha mchwa. Halina kiyoyozi cha kawaida. Usiku hewa baridi inapitishwa ndani na kupoza zege nene. Mchana zege hilo linalipoza jengo, na hewa iliyopata joto inatoka kwa dohani nyingi zilizopangwa juu ya paa. Ni jengo la kuigwa, lakini hadithi yake inahitaji kusahihishwa mara mbili. Kwanza, watafiti Scott Turner na Rupert Soar, waliochunguza vichuguu nchini Namibia, waliandika mwaka 2008 kwamba kichuguu hakifanyi kazi jinsi ilivyodhaniwa: joto la kiota hufuata joto la udongo unaokizunguka, na kile kinara cha udongo kinatumika zaidi kama pafu, kikivuna misukosuko ya upepo ili hewa ibadilishwe. Jengo lilifaulu kwa sababu Pearce na wahandisi wake waliijua Harare vizuri. Mchwa waliwapa wazo. Hewa ya Harare ndiyo iliyowapa ubaridi.

Pili, ubaridi huo haupo Dar es Salaam. Harare iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mchana wake una joto na usiku wake ni wa baridi. Februari kwetu, usiku wa manane, joto hubaki karibu nyuzi 25 na hewa ni nzito. Zege nene likipitishiwa hewa hiyo usiku kucha litaamka na joto lake. Mahali pa kuichukua Eastgate ni Nairobi, iliyo juu zaidi ya mita 1,600, na Dodoma, iliyopita mita 1,100, yenye hewa kavu ambayo hata maji yakivukizwa mlangoni yataipoza. Pwani ni paa jepesi lililoinuliwa, pande zilizo wazi, na vitu vichache iwezekanavyo vya kuhifadhi joto. Stesheni za reli moja zinatakiwa zitofautiane kwa sababu hiyo, kwa unene wa kuta na upana wa mianya. Leo zinatofautiana kwa mapambo.

Gharama, tunaambiwa, ndiyo kikwazo. Hesabu hiyo naona imefanywa kwa kuangalia siku ya uzinduzi tu. Kuzungusha jengo ili uso wake mrefu utazame kaskazini na kusini hakugharimu kitu kukiamuliwa kwenye mchoro wa kwanza, ingawa njia za treni zikishalazwa uhuru huo unapungua, na ndiyo maana lazima kuamuliwe mapema. Upenu wa mita nne au tano ni wa bei nafuu kuliko kioo maalumu kilichoagizwa nje. Viyoyozi vinalipiwa kila mwezi maisha yote ya jengo. Treni yetu inaendeshwa kwa umeme wa gridi, umeme ambao sehemu kubwa yake hutoka kwenye maji, yakiwemo yale ya Rufiji katika bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Kila uniti inayopotea kupambana na kioo chetu wenyewe ni maji ya mto yaliyopita bure.

Kuhusu miti, wahandisi wana malalamiko matatu: mizizi inainua sakafu, majani yanaziba mitaro, na vivuli vinawavuta watu wasio na tiketi. La kwanza lina ukweli kama mti umepandwa kwenye tundu la sentimita sitini lililozungukwa na zege. Upewe udongo wa kutosha chini ya sakafu na mizizi haitakuwa na sababu ya kupanda juu. La pili ni kazi ya ufagio. La tatu ndilo linaloonyesha tofauti yetu. Watu wasio na tiketi wanaokaa kivulini ni waliokuja kumpokea mama yao kutoka Kilosa, ni dereva wa bodaboda anayesubiri abiria, ni mama lishe, ni mbeba mizigo. Stesheni ya mjini bila hao ni ghala la abiria. Kuwanyima kivuli ili wasikae ni kuufanya ukatili uwe sehemu ya mchoro.

Na mti wenyewe uchaguliwe. Mamlaka zetu zina mapenzi na ashoki, ule mwembamba unaosimama wima, na mitende ya mapambo iliyopangwa mistari. Yote miwili ni nguzo. Kivuli chake saa sita mchana hakitoshi hata kiti kimoja. Mkungu hutandaza matawi yake kwa ngazi, sambamba na ardhi, kiasi kwamba mti mmoja uliokomaa unakinga foleni nzima. Mwarobaini unavumilia ukame wa Dodoma na kubaki na majani. Mti ulio hai unafanya zaidi ya mwavuli: unavuta maji ya ardhini na kuyatoa hewani kupitia majani, na katika kuyatoa unalipoza eneo lake.

Maji ya mvua nayo yana hesabu rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa na uwanja wa mbele vikifika hekta moja, na masika ikaleta milimita 50 kwa siku, hizo ni lita 500,000 zinazotafuta pa kwenda. Kwenye sakafu isiyopitisha maji zitakwenda barabarani, kisha kwenye mitaro iliyojaa, kisha kwa watu wa mabondeni ambao wanalijua bonde la Msimbazi kuliko mchoro wowote. Dar es Salaam imeshaona karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani ikifunikwa na mafuriko zaidi ya mara moja. Jengo linalojiita la maumbile halafu linamwaga maji yake yote kwa jirani halistahili jina hilo. Sakafu yenye mianya, vitanda vya mimea vilivyo chini ya usawa wa njia, na matangi ya kusafishia vyoo na kumwagilia miti wakati wa kiangazi, ni mambo ambayo fundi yeyote wa hapa anaweza kuyajenga.

Reli inaendelea kwenda Tabora, Isaka, Mwanza na Kigoma, na michoro ya malango yake bado inaweza kusahihishwa. Nahofia Mwanza itapewa sura ya jiwe lake la ziwani na Kigoma sura ya dagaa. Ningependa kila mchoro unaofika mezani kwa wakubwa uambatane na ramani ya kivuli: kitaanguka wapi saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni, mwezi Februari na mwezi Julai, kuanzia mahali daladala inaposimama hadi mahali tiketi inapokaguliwa. Uambatane na mishale ya upepo ya misimu yote miwili, na hesabu ya kila lita ya mvua. Ukikosa vitu hivyo urudishwe kwa mbunifu, hata uwe mzuri kiasi gani.

Na kabla ya tingatinga kufika, wapimaji waihesabu miembe. Njia hii ya reli inafuata njia ya misafara ya zamani, na Tabora na Ujiji zina miembe mikongwe iliyowapa kivuli wapagazi muda mrefu kabla ya reli ya Wajerumani kufika Kigoma mwaka 1914. Kila mwembe uliopo ndani ya eneo la stesheni uandikwe kwenye ramani pamoja na upana wa kivuli chake, na lango lisogezwe ulipo.